Ukiulizwa "una aleji?" usikimbilie kusema "sina" (salfa, penisilini na majina ya dawa)

Nesi wa Kliniki (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni nesi, miaka 14 kazini, sehemu kubwa nimekaa wodini na sa hivi niko kliniki ya wajawazito. Huwa nasoma tu humu bila kuandika ila kilichotokea Jumanne kimenikaa kooni, nisipokiandika sitatulia.

Alikuja dada mmoja, mimba ya wiki ishirini na kitu. Kliniki tunawapa SP ya kukinga malaria, vidonge vitatu, na vinamezwa pale pale mbele ya nesi sio vya kwenda navyo nyumbani. Nimeshamhesabia vitatu kiganjani, mkono mwingine ameshika kikombe cha maji, nikamuuliza kwa mazoea tu kama ninavyouliza wote, "una aleji na dawa yoyote?" Akasema hapana. Foleni ilikuwa hadi nje. Sijui nini kilinifanya nirudie swali kwa namna nyingine, nikamwambia mdogo wangu, kuna dawa yoyote uliwahi kumeza ikakudhuru? Akashusha kikombe. "Labda Septrin sista. Nikiwa kidato cha pili nilimeza, midomo ikachubuka yote, macho yakawa mekundu siwezi hata kuangalia taa, nikalazwa wiki mbili."

Kiganjani ana vidonge vitatu vya SP.

Kwa asiyejua, SP ndo ile ile Fansidar ya zamani, ndani yake kuna salfadoksini. Septrin ndani yake kuna salfamethoksazoli. Ni ukoo mmoja. Yaani huyu dada alikuwa anaenda kumeza ndugu wa dawa iliyomlaza wiki mbili, tena ndugu mbaya zaidi maana salfadoksini haitoki mwilini haraka, inakaa wiki kadhaa, ikishakuanzishia balaa huwezi kuitoa. Vidonge nikavichukua nikavitupa, nikaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake, nikamsisitizia chandarua na akisikia homa yoyote aje kupima siku hiyo hiyo, asisubiri kesho.

Na hakunidanganya jamani, hilo ndo nataka mlielewe. Kwake yeye "aleji" ni mafua ya vumbi na kuwashwa akila dagaa. Yaliyompata kidato cha pili kwake ni "dawa ilinikataa". Sisi tunauliza kwa neno letu wao wanajibu kwa neno lao, katikati hapo mtu anaumia.

Na mimi hili nimelijua kwa kosa, ngoja niseme. Miaka kadhaa nyuma niko zamu ya usiku wodi ya wanaume, hospitali siitaji. Mzee mmoja kaandikiwa ampisilini ya mshipa. Baba una aleji? Sina binti yangu. Nikasukuma dawa. Hazikupita dakika tano nikamwona anajikuna viganja, sio mkono, viganja, anavisugua kwenye shuka. Kisha akasema tumbo linamkata. Kisha sauti ikabadilika ikawa nzito kama mtu mwenye koo lililojaa, akanishika mkono akaniambia "binti yangu mimi nakufa". Mimi nikakimbilia Piriton na haidrokotizoni, dawa za kutuliza aleji, kwa sababu ndo nilizozoea kuona watu wanakimbilia. Sista mkubwa niliyekuwa naye zamu alinipita hapo hapo anauliza adrenalini iko wapi, na adrenalini ilikuwa kwenye kabati limefungwa na funguo anazo mtu mwingine jengo la pili. Dakika zile sitazisahau. Mzee alipona, namshukuru Mungu. Asubuhi mke wake kaja na uji, tumemweleza, akasema "lakini huyu si ndo ile sindano nyeupe kama maziwa ilimzimishaga ujanani, akamwagiwa maji?" Sindano nyeupe kama maziwa. PPF hiyo wakuu, penisilini, ukoo mmoja na ampisilini niliyomchoma. Mzee alikuwa anajua kabisa kilichomdhuru, ila hakuna mtu aliyewahi kumpa jina la ile sindano, na mimi sikumuuliza kwa lugha yake.

Toka siku hiyo neno aleji nalitumia mwisho. Nauliza dawa gani iliwahi kukudhuru, ikakufanyaje, baada ya muda gani, ulilazwa? Na nyie mkiulizwa "una aleji" tafsirini hivyo kichwani kabla ya kusema sina.

Naendelea chini maana simu inagoma kupost ndefu.

Nesi wa Kliniki

Sehemu ya pili. Madhara ya namna hii yana njia mbili na watu wengi wanajua moja tu.

Kuna ya haraka, dakika chache mpaka saa moja hivi, hasa kwa sindano. Viganja na nyayo kuwasha, vipele vya kuvimba kama umepita kwenye upupu, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kupiga filimbi, kutapika, tumbo kukata, kizunguzungu, presha kushuka mtu anazimika. Na tafadhali, vipele vinaweza visionekane kabisa. Mtu kachomwa sindano ghafla anahema kwa shida na presha imeshuka, usikae kutafuta vipele. Hapo dawa ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja upande wa nje, mtu mzima nusu mililita ya ile ya kawaida ya 1 kwa 1000, mtoto inapimwa kwa umri au uzito, na kama hajapata nafuu inarudiwa baada ya dakika 5. Piriton na haidrokotizoni zinakuja nyuma, hazifungui koo lililovimba. Hili nawaandikia wenzangu wa zamu zaidi kuliko wagonjwa.

Na mlaze chini miguu juu, mjamzito alale ubavu wa kushoto, kama anahema kwa shida akae ila miguu ibaki imenyooka. USIMSIMAMISHE, hata akisema amepata nafuu anataka kwenda chooni. Watu wamezimika moja kwa moja kwa kusimamishwa. Na akipata nafuu haruhusiwi kurudi nyumbani hapo hapo, kuna wanaorudiwa baada ya masaa kadhaa bila kupewa dawa nyingine yoyote.

Ya pili ni ya polepole, na hii ndo ya salfa ya yule dada. Inakuja siku ya nne, wiki moja, hata wiki tatu baada ya kuanza dawa, mtu ameshasahau. Inaanza kama mafua, homa, koo linauma, macho yanawaka, halafu vidonda mdomoni na ngozi inauma hata ukiigusa na kanga, kisha malengelenge, ngozi inatoka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Hii wanaiita Stevens-Johnson, hao madaktari wawili waliielezea mwaka 1922. Salfa iko mbele kwenye orodha ya dawa zinazoileta, nevirapini ya ARV nayo, karbamazepini ya kifafa nayo. Ukiona homa + macho mekundu + vidonda mdomoni na kuna dawa umeanza ndani ya mwezi huu, acha dawa uende hospitali na BOKSI LA DAWA mkononi. Usisubiri ngozi itoke.

Wakubwa humu mtakumbuka, 2001 Tanzania ilipoacha klorokwini tukaingia SP mpaka 2006 ilipokuja dawa mseto, mtaani watu waliiogopa sana Fansidar. Uoga ule ulikuwa na chanzo, japo wengi walimeza na hawakupata kitu.

Baba Wawili

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi naomba kuuliza kitu ambacho kimenitesa miaka. Kila baada ya muda napata doa jeusi kwenye mdomo wa chini, linaanza jekundu linawasha linakuwa kama kidonda halafu linabaki jeusi. Na lingine samahani liko sehemu za siri. Yanarudi PALE PALE. Nimepima kaswende, nimepima kila kitu, negativu. Nyumbani imekuwa kesi, mke haniamini kabisa, alishawahi kurudi kwao wiki tatu kwa ajili ya hilo doa. Kuna mtu aliniambia nimetupiwa kitu.

Nesi wa Kliniki

Kaka pole sana. Jibu hili kabla hatujaenda mbali, likitokea siku moja mbili kabla unakuwa umemeza dawa gani?

Baba Wawili

Sijawahi kufikiria aisee. Mimi nikiharisha huwa namezaga Septrin, ndo dawa ya nyumbani kwetu toka zamani.

Nesi wa Kliniki

Mwambie mke wako asome hapa. Doa linalorudi sehemu ile ile, midomo, sehemu za siri, viganjani, kila ukimeza dawa fulani, hilo ni dhara la dawa na linajulikana vizuri kabisa, Septrin ni mojawapo ya zinazosifika kwa hilo. Sio ugonjwa wa zinaa na hujatupiwa kitu. Kila ukirudia dawa doa linarudi, na yanaweza kuongezeka. Acha Septrin, usiguse SP wala Metakelfin maana nazo zina salfa, nenda kliniki ya ngozi wakuthibitishie ana kwa ana maana mimi sijaliona, na nenda na mke. Na kuharisha kwenyewe mara nyingi hakuhitaji antibayotiki, ORS na maji tu.

Baba Wawili

Nimemsomea. Amekaa kimya. Amesema Jumatatu tunaenda wote.

Muuza Dawa

Niko duka la dawa muhimu mwaka wa sita, niongezee upande wetu. Mteja anakuja anasema nipe rangi mbili. Rangi mbili ipi? Amoksilini ni rangi mbili, ampisilini rangi mbili, tetrasaikilini rangi mbili, kila kiwanda na rangi zake. Mwingine anasema nina aleji na zile za njano. Sasa mimi nitajuaje. Huyo huyo aliyeambiwa hospitali asitumie penisilini anakuja ananiomba ampiklox na hajui ni kitu kile kile. Nikimuuliza sana anaona namsumbua anaenda duka la pili anapewa. Wakuu mkija njooni na cheti, au hata ganda la zile za mwisho, hata likiwa limekatwa kona moja tunasoma.

Na sindano dukani haziruhusiwi. Anayekuchoma kwenye stoo nyuma ya duka hana adrenalini pale, ukizimika atakachofanya ni kukutafutia bodaboda.

Nesi wa Kliniki

Ubarikiwe ndugu yangu, umesema ukweli. Nami nimeona watu wanakata ile sehemu yenye jina wanaanza kumeza upande huo huo, mwisho anabaki na ganda lisilo na jina. Anzeni kumeza upande usio na maandishi.

Mama Shani

Sista mke wa kaka yangu ni mjamzito na ana aleji ya salfa imeandikwa kabisa. Sasa vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kopo limeandikwa ferrous sulphate, ameacha kumeza mwezi wa pili huu anasema zina salfa. Damu yake mara ya mwisho ilikuwa 9.

Nesi wa Kliniki

Mama Shani mpigie simu sasa hivi usisubiri. Hiyo siyo salfa. Ukiona neno sulphate limesimama peke yake mwishoni mwa jina, hiyo ni chumvi tu iliyobeba dawa, haihusiani na aleji ya salfa. Ndo ipo kwenye vidonge vya damu, ipo kwenye salbutamoli ya pumu, ipo kwenye magneziamu tunayowachoma wajawazito wenye kifafa cha mimba, na hiyo akiikataa siku ya siku inaweza kumgharimu maisha. Salfa ya kuogopa jina lake linaanza na sulpha au sulfa na linaendelea mbele, kama sulphadoxine, sulfamethoxazole, sulfalene. Septrin kwenye boksi wakati mwingine wanaandika co-trimoxazole kwa hiyo herufi zenyewe huzioni, hiyo ishike kichwani. Na ile krimu nyeupe ya kupaka walioungua moto nyingi yake ni silver sulfadiazine, hiyo ni salfa kweli, hata kama haimezwi aseme.

Damu 9 na ni mjamzito arudi kliniki wiki hii, aende na kopo lake, wamwambie wenyewe kwa mdomo ndo ataamini.

Mama Shani

Nimempigia, amesema hakuna mtu aliyewahi kumwelezea. Anaenda kesho asubuhi.

Kijana wa Tanga

Mimi naomba nipinge kidogo. Mnatuambia tuulize, tukiuliza tunafokewa. Mama yangu alilazwa, nesi kaja na sindano tatu kwenye trei, nikauliza hii ni dawa gani akanijibu kwani wewe daktari. Na wodi hiyo hiyo kulikuwa na kina mama wawili wenye jina moja, vitanda vimepakana. Nilikaa usiku mzima sijalala naangalia wasije wakakosea.

Nesi wa Kliniki

Kijana una haki na naomba radhi kwa niaba ya huyo mwenzangu. Una haki ya kuambiwa jina la dawa kabla haijaingia mwilini mwa mama yako, na anayekufokea amekosea hata kama amechoka. Sisi tumefundishwa mambo matano kabla ya kila dawa, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na muda sahihi, na hilo la kwanza linaonekana jepesi ndo linaloua. Ukimwambia mgonjwa mwenye homa "wewe ndo Mwajuma?" atasema ndiyo, hata angekuwa Zuhura angesema ndiyo. Anatakiwa aulizwe unaitwa nani, ataje majina yote matatu mwenyewe, yalinganishwe na faili. Kwa hiyo wewe ndugu ukiona nesi anakuja fanya hivi bila ugomvi, taja wewe kwanza: "sista huyu ni fulani bin fulani, dawa ya fulani iliwahi kumdhuru." Hakuna nesi atakayesikia hivyo akaendelea kusukuma sindano bila kuangalia faili tena.

Mwanakupona wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mtu akidhuriwa na dawa hupewa maziwa ama dafu, wazee husema yaua sumu. Ni sawa?

Nesi wa Kliniki

Dada yangu hapana, tena hii ni hatari. Koo likiwa linavimba chochote unachompa kinaweza kuingia kwenye mapafu. Na dawa ya sindano iko kwenye damu, haiko tumboni. Dakika za kutafuta dafu ni dakika za kumfikisha hospitali akiwa amelazwa kwenye kiti cha gari.

Mwanakupona wa Kisauni

Ahsante. Na jingine, mwanangu akiwa na mwaka mmoja alikuwa na homa akapewa amoksilini, siku ya tano akatoka vipele mwili mzima ila alikuwa acheza tu. Tangu hapo tumeandikiwa ana aleji ya penisilini. Sasa ana miaka tisa na kila akiugua apewa dawa za bei.

Nesi wa Kliniki

Watoto wengi wa namna hii sio aleji, ni virusi vyenyewe vilivyoleta homa ndo vilileta na vipele. Wakipimwa vizuri, wengi sana wenye jina la aleji ya penisilini wanakutwa wanaweza kuitumia, na hata wenye aleji ya kweli kuna ambao inaisha miaka ikipita. Lakini USIMJARIBISHIE nyumbani hata tone. Muone daktari wa watoto, mweleze kama ulivyoniandikia hapa, siku ya tano, anacheza, hakuvimba midomo, hakuhema kwa shida, maana hayo maelezo ndo yanayomsaidia kuamua. Mpaka hapo aendelee kuhesabiwa ana aleji.

Kijana wa Tanga

Vipi ile ya kuchoma kidogo kwanza kwenye ngozi waone kama utavimba? Zamani walikuwa wanafanya.

Nesi wa Kliniki

Isikupe usalama wa uongo. Mwenye aleji kali hata kidogo kile kinatosha kumwangusha, na asiyevimba pale bado anaweza kuanguka na dozi kamili. Kinachookoa ni kuuliza vizuri, kuwa na adrenalini mkononi sio kabatini, na mgonjwa kukaa pale nusu saa baada ya sindano. Najua mna haraka na daladala, kaeni.

Muuza Dawa

Sista nikumbushe watu na fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Dawa ikimdhuru mtu ripoti inatakiwa ijazwe, namba ya toleo la dawa iandikwe, na mgonjwa mwenyewe anaweza kudai ijazwe. Wengi tunaishia kusema pole.

Nesi wa Kliniki

Kweli kabisa. Yule mzee wa ampisilini tulimjazia, na kabla hajaruhusiwa nilimwandikia karatasi nikaifunga na selotepu isilowe. Mmoja kaniuliza inbox niandike nini, niliandika hivi tu: "PENISILINI imenidhuru. Dakika tano baada ya sindano, koo lilivimba, nilizimika. Nisipewe ampisilini, amoksilini, ampiklox, PPF wala penisilini yoyote." Na namba ya simu ya mke wake. Aliiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Mama Shani

Wakuu nimempigia mama kijijini nikamuuliza kwa lile swali la sista, sio la aleji. Amenyamaza kidogo akasema mwaka aliojifungua mdogo wangu alichomwa sindano akavimba uso wote. Nikamuuliza sindano gani hajui. Cheti anasema kiko kwenye sanduku la chuma chumbani. Mdogo wangu anafika huko Jumamosi, nimemwambia alifungue akipige picha anitumie, nitakiweka hapa sista unisaidie kusoma.

Nesi wa Kliniki

Funika jina la mama kwanza kabla hujaweka. Nasubiri.